Sista Sindano na Mbwa wa Marehemu

Nilikaa na Sista Sindano katika chumba kimoja cha zahanati kwa miaka tisa, meza yake dirishani, yangu karibu na mlango. Jina hilo alipewa na wagonjwa, naye hakulikataa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono myepesi. Watoto walioingia wakipiga kelele walitoka wakiuliza kama sindano tayari au bado. Kazi yetu kubwa ilikuwa chanjo na vidonda, na katika vidonda vyote hakuna vilivyomkasirisha kama vya kuumwa na mbwa.

Aliyeumwa alimpeleka moja kwa moja kwenye sinki, akafungua bomba na kumpa kipande cha sabuni. "Osha. Nitakwambia mimi lini uache." Dakika kumi na tano kamili, kwa saa ya ukutani. Huku maji yakitiririka alimgeukia mwenye mbwa, kama naye alikuja, akamuuliza: mbwa amechanjwa lini? Alikuwa amefungwa na nini? Nani alikuwa amemshika? Aliuliza taratibu, bila kupandisha sauti, na mtu mzima na ndevu zake anaanza kuchezea vifungo vya shati. Wengi walijitetea kwamba mbwa wao ni mpole, hajawahi kumgusa mtu.

"Ndiyo," Sista alikuwa akijibu. "Basi mguu huu umejing'ata wenyewe."

Nilikuwa nikiinamia daftari ili wasinione ninacheka.

Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu mrefu wa maneno machache, na ndiye aliyeleta mbwa nyumbani. Alimkuta kwenye jengo alilokuwa akilifungia nyaya, kitoto cha mbwa kimekwama ndani ya bomba la plastiki, masikio tu ndiyo yanaonekana. Akamwita Sungura. Kisha Sungura akakua, akawa na kifua kama cha ndama na kichwa cha kutisha, lakini jina likabaki. Mgeni akiambiwa, "Ngoja kwanza nimfunge Sungura," alikuwa akitabasamu mpaka amwone.

Fundi alimjulia mbwa huyo. Kila asubuhi kabla ya kazi alimtembeza, mbwa ubavuni mwake, kamba imelegea kati yao kama uzi wa kuanikia nguo. Mkanda wa shingoni alimtengenezea mwenyewe kutoka kwenye mkanda wake wa kazi wa zamani, ule wa kuning'inizia bisibisi na koleo. Aliukata, akautoboa kwa msumari wa moto, akarudishia bizimu yake ya kufungia. Kadi ya chanjo ya mbwa ilikaa kwenye droo moja na vyeti vya nyumba. Sista hakuwahi hata kuifungua. "Wewe una wagonjwa wako," Fundi alikuwa akimwambia, "na mimi nina wangu mmoja."

Fundi alianguka kazini mwezi wa tatu, kutoka juu ya ngazi, na moyo ulikuwa umeshasimama kabla hajafika chini. Hakukuwa na kuuguza wala kuagana. Ndugu zake walikuja, wakafanya yaliyopaswa kufanywa, na siku ya mwisho wakagawana nguo zake kama ilivyo kawaida ya watu. Huyu koti, yule viatu, mwingine saa. Sista aliniambia kwamba alikaa kitandani akiwatazama wakikunja mashati na hakuwa na nguvu ya kusema bakisheni hata moja. Watu walipoondoka na nyumba ikawa kimya, akatoka uani. Mbwa alikuwa amelala mbele ya banda la vifaa. Shingoni mwake palikuwa na kitu pekee ambacho hakuna aliyekumbuka kukichukua.

Tangu siku hiyo alianza kumtembeza Sungura mwenyewe. Hakuwa mtu wa mbwa, na alikiri hivyo. Lakini mbwa alikuwa akimngojea Fundi langoni kila alfajiri, na Sista hakuweza kukaa ndani akimsikia akikwaruza bati. Akavaa raba zake za kazini, akafunga kamba kwenye ule mkanda, akajizungushia ncha nyingine kiganjani mara mbili, wakatoka.

Mitaani watu walimwonea huruma, tena wakacheka kidogo, maana ilikuwa dhahiri nani anaongoza. Mwalimu mstaafu aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwake alimwambia siku moja kutoka barazani, "Mwanangu, leo ninyi wawili, nani anamtembeza mwenzake?"

"Shikamoo Mwalimu. Bado tunajadiliana," Sista akajibu, huku akivutwa.

Huyo Mwalimu ndiye aliyemfundisha binti yake Sista kusoma, na Fundi pia zamani. Alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe miaka mingi, mwenye kisukari, na kila Jumanne alikuja zahanati kupimwa damu. Alipenda kupimwa na Sista tu. Alivaa soksi nyeupe hata wakati wa joto kwa sababu Sista ndiye aliyemwambia ailinde miguu yake kama mboni ya jicho.

Sungura aliacha kula vizuri. Bakuli lilibaki nusu, mbavu zikaanza kuonekana. Na shingo ilipokonda, mkanda ukalegea. Sista aliliona hilo. Aliniambia mwenyewe, wakati mmoja tukinywa chai, kwamba sasa anaweza kupitisha ngumi yake nzima chini ya mkanda.

Nikamwambia, "Si uukaze?"

"Matundu yameisha."

"Basi nunua mwingine. Pale kwenye duka la vyakula vya mifugo wameitundika mlangoni, rangi zote."

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nitanunua," akasema.

Nilijua hatanunua, na sikulirudia. Nimejilaumu kwa hilo, ingawa yeye mwenyewe hakunilaumu hata mara moja.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, barabara imejaa jua. Mwalimu alikuwa amekwenda kununua gazeti na anarudi na fimbo yake. Sista na mbwa walikuwa wanakuja upande wa pili. Pikipiki ikapita kati yao ikitoa mlio kama bunduki. Sungura hakukimbia mbele. Alirudi nyuma kwa nguvu, ameinamisha kichwa, na mkanda ukamtoka kupitia masikioni kama kofia. Sista alibaki ameshika kamba yenye duara tupu.

Huenda mbwa angekimbilia nyumbani. Lakini Mwalimu, kuona jitu lile halina kamba, aliinua fimbo. Mtu yeyote angeinua. Mbwa akajitupa, akamshika juu kidogo ya kisigino, kupitia soksi, na hakuachia.

Sista aliwarukia wote wawili. Alimwita mbwa jina, akampiga kwa kamba, akamkaba koo kwa mkono, na hakuna kilichofaa. Mwishowe alimlalia mgongoni kwa uzito wake wote mpaka taya zikafunguka, akamburuta kwa ngozi ya shingo hadi lango la karibu na kumfungia ndani ya ua wa watu. Kisha akarudi. Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, gazeti limetawanyika, anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Samahani," Mwalimu alimwambia. "Nimemtisha."

Sista alinieleza kwamba neno hilo ndilo lililomkata maini kuliko damu.

Jumamosi ile nilikuwa zamu peke yangu. Nilisikia gari la jirani likifunga breki nje, nikatoka, nikamwona Sista amembeba Mwalimu nusu, mkono wake umechubuka kuanzia kiwiko, raba moja imepotea. Alimpeleka kwenye sinki, akafungua bomba, akapiga magoti sakafuni akaanza kumwosha mguu mwenyewe, kwa sabuni, akiyahesabu matundu ya meno kwa ncha ya kidole. Yalikuwa manne, mawili ya kina kirefu.

Nami nikatoa fomu, maana lazima ijazwe. Nikaandika jina la mgonjwa, umri, mahali palipoumwa. Nikafika sehemu ya mwenye mbwa, nikasimamisha kalamu.

"Uliza," Sista akasema bila kuinua kichwa.

"Si lazima sasa hivi."

"Niulize kama ninavyowauliza wengine."

"Mbwa amechanjwa lini?"

Maji yalitiririka. "Sijui. Kadi iko kwenye droo. Nadhani imepita."

"Alikuwa amefungwa na nini?"

"Mkanda uliolegea. Nilijua umelegea."

"Nani alikuwa amemshika?"

"Mimi," akasema. "Andika, mimi."

Niliandika. Mwandiko wangu kwenye fomu ile haufanani na wa siku nyingine.

Kadi ilipotolewa, chanjo ilikuwa imepitwa na miezi minne; muda wake uliisha mwezi mmoja baada ya kifo cha Fundi. Mwalimu akaanza sindano za kichaa cha mbwa siku ile ile, na Sista alimchoma ya kwanza kwa mkono wake. Binti yake Mwalimu alifika kutoka mji mwingine siku iliyofuata, mwanamke wa rika la Sista, mhasibu, mtu wa kusema mambo yalivyo. Sindano ya pili alisema achome mwingine. Nikachoma mimi. Sista alitoka akasimama nyuma ya jengo mpaka walipoondoka.

Sungura naye aliwekwa chini ya uangalizi wa siku kumi, kama sheria inavyotaka. Daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye mikono iliyojaa makovu, alikuja nyumbani na kukagua lango, banda, mnyororo. Akaomba kuuona ule mkanda. Sista akamletea. Daktari aliugeuza geuza, akaingiza ngumi, akamtazama Sista.

"Mama, hapa vinatakiwa vipite vidole viwili. Viwili tu."

"Najua sasa."

"Na mbwa mwenye shingo nene na kichwa kinacholingana na shingo, mkanda wa shingo peke yake haumfai. Akirudi nyuma anautoka. Anatakiwa wa kifuani, unaopita chini ya miguu ya mbele. Na hii kamba, ulikuwa unaishikaje?"

Sista akamwonyesha, kazungusha kiganjani mara mbili.

"Siku moja ingekuvunja vidole," daktari akasema. "Pitisha kitanzi kwenye kiganja, mkono wa pili ushike katikati. Nani alikuwa anamtembeza zamani?"

"Mume wangu."

"Hakukufundisha?"

"Hakukuwa na haja," Sista akasema, na daktari akamrudishia mkanda.

Siku kumi zilipita na mbwa hakuonyesha dalili yoyote. Kichaa hakuwa nacho. Kwa muda wa asubuhi moja tulidhani tumepona. Lakini mguu wa mwenye kisukari una hesabu zake. Kidonda cha nyuma ya kisigino kilifunga juu kikaanza kuoza chini. Nilipokifungua siku ya kumi na mbili harufu iliniambia kabla ya macho. Akapelekwa hospitali kubwa. Walikata vidole viwili kwanza. Wiki iliyofuata wakakata chini ya goti.

Sista alikwenda. Alivaa gauni lake la heshima, akabeba matunda, akakaa kwenye benchi la ukumbini tangu wodi ilipofunguliwa. Binti wa Mwalimu alitoka, akamwona, akasimama mbele yake.

"Dada, wewe ni muuguzi," akasema. "Ungekuwa mtu asiyejua ningesema sawa, hakujua. Wewe ulijua kila kitu."

"Ndiyo."

"Unajibu ndiyo?"

"Nijibu nini, dada? Ni kweli."

Mlango ulikuwa wazi na Mwalimu akasikia. Akaita aingie. Sista aliniambia kwamba Mwalimu alikuwa amelala amenyooka, shuka limemlala mwilini na upande mmoja mguu umeishia nusu. Hakumpa mkono.

"Mwanangu," akasema, "nataka kukwambia haidhuru. Nimejaribu tangu asubuhi. Haitoki."

"Usiseme, Mwalimu."

"Basi nenda nyumbani. Na usije kwa sasa. Nikikuona nauona ule mtaa."

Sista akaacha matunda kwenye meza ya wauguzi, wagonjwa wengine wayale.

Mtaani watu walitaka mbwa auawe, na walimwambia mchana kweupe. Hata shemeji zake, waliokuwa kimya tangu msiba, walipiga simu kutoa ushauri. Binti yake, anayekaa mbali kwa mumewe, alilia kwenye simu: mama, mmalize huyo mnyama, tupumzike. Sista aliwasikiliza wote. Asubuhi moja aliomba ruhusa, akaniambia anampeleka Sungura kwa daktari wa mifugo akachomwe ya mwisho. Saa nne akarudi kazini, macho mekundu, akavaa koti lake jeupe.

"Imekwisha?" nikamuuliza.

"Sikuweza. Alipanda mezani mwenyewe, akanyoosha mguu kama anavyofanya kwa chanjo." Akaketi. "Daktari ameniambia naweza kumfuga kama nitamfuga hasa. Nikasema nitamfuga hasa."

Na alimfuga hasa. Alinunua mkanda wa kifuani wenye pete mbele, kamba fupi nene yenye kulabu ya chuma inayozunguka, na kikapu cha waya cha kufunika mdomo ambacho mbwa anaweza kuhema na kunywa maji ndani yake. Alimzoesha kikapu hicho kwa wiki tatu, akiweka kipande cha nyama chini yake, kabla hajakifunga hata mara moja. Alizungushia uzio waya mpya, akaweka komeo mbili langoni na kibao kilichoandikwa kwa rangi. Aliukagua mkanda kila asubuhi kabla ya kutoka: mshono, pete, bizimu, vidole viwili. Chanjo iliandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Daktari alimfundisha asimame kila kamba inapokaza na asipige hatua mpaka ilegee, na miezi ya kwanza walichukua nusu saa kumaliza mtaa mmoja. Mwisho wa mwaka Sungura alikuwa anatembea ubavuni kwake kama alivyotembea kwa Fundi.

Nani aliona? Hakuna. Watu walipomwona anakuja walivuka barabara. Akina mama waliwavuta watoto ndani. Mbwa yule akiwa hana mkanda wa maana walimcheka. Alipofungwa kila mahali ndipo walipomwogopa, na Sista hakuwalaumu. Yeye mwenyewe aliacha njia ya nyumba ya nne na kuzunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, mwendo mrefu, vumbi tupu, ili Mwalimu asipate kumwona kutoka barazani.

Lakini Mwalimu hakurudi barazani. Nyumba ile ina ngazi tano, na kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Binti yake alimchukua akakae kwake. Siku ya kuhamisha vitu nilipita nikaona mabuku yametolewa nje kwa masanduku, zaidi ya ishirini, na fimbo imelazwa juu ya moja. Alikuwa ameishi hapo miaka thelathini na mbili.

Kazini Sista alibadilika. Hakuacha kuwauliza wenye mbwa maswali yake, lakini lile jibu la mguu kujing'ata sikulisikia tena. Alipomaliza kuuliza alikuwa akiwaeleza kwa upole namna ya kupima mkanda kwa vidole viwili, akiwashika mkono na kuwaonyesha juu ya kifundo chao wenyewe. Wengine walisikiliza. Wengine walitazama saa. Mmoja, kijana wa gereji, alimjibu kwamba mbwa wake ni mpole, na nilimwona Sista akifumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa na jua.

Sungura alikufa kwa uzee, miaka mitano baada ya Fundi. Tulimzika uani mimi na yeye mchana wa Jumapili, na jembe lilikuwa zito. Nilidhani atalia. Aliosha mikono, akaingia ndani, akatoa kikapu cha waya na kamba na mkanda wa kifuani, akaviloweka kwenye maji ya sabuni ili ampelekee daktari wa mifugo, apewe mtu mwingine mwenye mbwa mkubwa.

"Utachukua mbwa mwingine?" nikamuuliza.

"Hapana. Sijawahi kuwa mtu wa mbwa."

Alistaafu mwaka jana. Nilikwenda kumwangalia mwezi uliopita, nikamkuta anakunja nguo mezani. Amekonda. Tuliongea habari za zahanati, nani kahamishwa, nani kaolewa. Kisha akaniambia kwamba amemwandikia Mwalimu barua. Ilimchukua miezi, kila akianza anachana, maana kila sentensi ilionekana kama inaomba kitu. Mwisho aliandika mambo yaliyotokea tu, moja baada ya jingine, tangu Fundi alipokufa, na mkanda, na kwa nini hakuubadilisha. Hakuandika samahani kwa sababu alikuwa ameshaisema mara nyingi.

"Amejibu?"

Akachukua simu, akanionyesha ujumbe wa binti wa Mwalimu. Ulikuwa mfupi: Baba ameipata barua. Amekataa nimsomee, ameisoma mwenyewe. Hajasema kitu.

Niliusoma mara mbili nikitafuta neno la kumfariji ndani yake. Sista aliichukua simu taratibu, akaiweka kifudifudi mezani.

"Ameisoma," akasema, akaendelea kukunja nguo.